Ardhi Kwanza, Serikali Baadaye: Kuzaliwa kwa Jimbo la Oregon

Februari 1841, katika bonde la mto Willamette karibu na Bahari ya Pasifiki, alifariki mfugaji aliyeitwa Ewing Young. Miaka minne kabla yake alikuwa ameongoza safari ya kuswaga ng'ombe zaidi ya mia sita kutoka California, na kwa kipimo cha bonde lile alikuwa tajiri. Aliacha mifugo, kinu cha kupasulia mbao na watu wengi waliokuwa wakimdai au wakidaiwa naye. Hakuacha wosia, wala hakuna jirani aliyemfahamu mrithi wake.

Kwingineko jambo hilo lingemalizwa mahakamani. Bonde la Willamette halikuwa na mahakama. Halikuwa na polisi, msajili wa ardhi wala mtoza kodi. Kwa makubaliano ya 1818, Uingereza na Marekani ziliruhusu raia wa nchi zote mbili kukaa na kufanya biashara katika eneo lote lililoitwa Oregon, na kwa hiyo hakukuwa na dola iliyolitawala. Baada ya mazishi, walowezi wakakutana kuamua nani agawe mali ya marehemu. Walimchagua daktari wa misheni ya Kimethodisti, Ira Babcock, awe hakimu wa mirathi, na wakamwagiza afuate sheria za jimbo la New York, lililokuwa upande wa pili wa bara. Baadaye sehemu ya fedha za urithi huo ilitumika kujenga jela. Miaka ya 1850 alitokea kijana kutoka New Mexico, Joaquín Young, akathibitisha kuwa yeye ni mwana wa marehemu na kudai haki yake.

Kisa hicho kinaonyesha mpangilio wa karibu kila jambo lililofuata. Tumezoea kusimuliwa kwamba dola hutuma gavana, gavana huleta sheria, sheria hugawa ardhi, kisha watu huhamia. Oregon ilikwenda kinyume. Watu walijitwalia ardhi kwanza. Wakaandika sheria ya kuilinda. Wakaiomba dola iwathibitishie walichokwisha kukishika, na mwishowe wakataka wawe jimbo kamili lenye katiba yake. Kila hatua ilirudi kwenye swali moja: nani atamiliki ardhi hii, na nani atazuiwa? Siasa za Oregon kuanzia 1841 hadi 1859 zilikuwa majibu ya swali hilo, na majibu hayo yalitolewa waziwazi, kwa maandishi na kwa kura.

Ardhi yenyewe haikuwa tupu, wala haikuwa pori. Bonde la Willamette, lenye urefu wa kilomita 240 hivi, lilikuwa nchi ya Wakalapuya. Kila mwisho wa kiangazi walichoma nyasi kwa utaratibu waliourithi, ili miti isiote kila mahali, mialoni izae vizuri, kulungu wapate malisho, na mmea wa camas, wenye tunguu tamu waliyoioka kwenye mashimo ya moto, uenee katika ardhi tambarare. Walowezi walipofika waliona mbuga pana iliyo wazi, tayari kwa jembe, wakamshukuru Mungu kwa kuwaandalia. Waliokuwa wameiandaa ni Wakalapuya.

Wakati huo wengi wa Wakalapuya walikuwa wamekwisha kufa. Kilichowaua ni maradhi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa: malaria. Mbu wanaoweza kuieneza walikuwapo tangu zamani katika vinamasi vya mto Columbia na Willamette, ila vimelea havikuwapo. Mwaka 1830 vilifika, yamkini ndani ya damu ya mabaharia waliotoka nchi za joto, na tangu hapo homa ikarudi kila kiangazi. Watu hawakuwa na kinga ya mwili wala dawa. Wagonjwa waliojitosa katika maji baridi ili kupoza homa walikufa upesi zaidi. Watafiti wa historia ya maradhi wanakadiria kwamba katika muda wa miaka kumi hivi, karibu watu tisa katika kila kumi waliokuwa wakiishi kando ya Columbia ya chini na katika bonde la Willamette walipotea. Vijiji vizima vilibaki na mifupa. Hapa ndipo historia ya ulowezi wa Oregon inapoanzia, na kila simulizi ya ushujaa wa wahamiaji inayoruka ukurasa huu inaacha jambo kubwa kuliko yote.

Mamlaka pekee yenye nguvu siku hizo ilikuwa kampuni. Hudson's Bay Company ya Uingereza ilinunua ngozi za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya. Kituo chake kikuu, Fort Vancouver, kilijengwa 1825 kwenye ukingo wa kaskazini wa Columbia, na mkuu wake alikuwa Dakta John McLoughlin, mzaliwa wa Quebec, mtu mrefu mwenye nywele nyeupe. Mkewe Marguerite alikuwa chotara wa mzungu na mwenyeji. Chini yake walifanya kazi Waskoti, Wafaransa wa Kanada, Wahawaii na watu wa makabila mengi ya bara. Wafaransa waliostaafu alikubali wakae kusini, katika bonde la Willamette, pamoja na wake zao wenyeji, walime ngano. Wamishonari wa Kimethodisti wakiongozwa na Jason Lee walipofika 1834, aliwauzia mbegu na kuwaazima ng'ombe. Wamarekani waliowafuata, wengi wakiwa wamechoka na hawana kitu, aliwakopesha chakula na nguo, ingawa wakubwa wake wa London hawakupendezwa. Malipo aliyoyapata yatatajwa mbele.

Baada ya kifo cha Young, jaribio la kuunda serikali lilizimika haraka. Kamati ya kuandika sheria ilikabidhiwa kwa padri Mkatoliki François Norbert Blanchet, naye hakuiitisha hata mara moja. Wafaransa wa Kanada walikuwa na utaratibu wao na kampuni yao. Serikali ya Wamarekani waliiona kuwa mtego wa kodi na wa kunyang'anywa mashamba.

Wamarekani wakaja na hoja ambayo kila mfugaji angeiunga mkono: wanyama wakali. Februari na Machi 1843 waliitisha mikutano miwili ya kujadili mbwa mwitu, dubu na puma waliokuwa wakila mifugo. Walikubaliana kila mtu achange dola tano, na mwindaji alipwe: senti 50 kwa mbwa mwitu mdogo, dola tatu kwa mkubwa, mbili kwa dubu, tano kwa puma. Hapo tayari palikuwa na mchango, mweka hazina na malipo ya umma, yaani mifupa ya serikali bila jina lake. Katika mkutano wa pili, shauri la mbwa mwitu lilipokwisha, mtu akasimama kupendekeza kamati ya watu kumi na wawili itafakari namna ya kulinda watu na mali zao. Kama ni hila, ilikuwa hila yenye akili.

Mei 2, 1843, watu wapatao mia moja walikusanyika kwenye uwanja wa Champoeg, kando ya mto, kuamua. Kelele zilikuwa nyingi hata kura ya sauti haikueleweka. Mwindaji Joe Meek, aliyekuwa na sauti kubwa, aliwataka wanaoiunga mkono serikali wamfuate upande mmoja. Masimulizi ya jadi yanasema ilikuwa 52 dhidi ya 50, na kwamba Wafaransa wawili wa Kanada, Étienne Lucier na François Matthieu, ndio walioamua matokeo kwa kuvuka kwenda upande wa Wamarekani. Wanahistoria wana mashaka na hesabu hiyo, kwa kuwa iliandikwa na watu waliokumbuka miaka mingi baadaye. Lakini matokeo hayana shaka. Wengi wa Wafaransa waliondoka uwanjani, na waliobaki wakachagua viongozi.

Sheria za msingi zilipitishwa Julai 5 mwaka huo. Waandishi wake walinakili kwa wingi kutoka kitabu cha sheria za Iowa kilichokuwa mikononi mwao. Badala ya gavana kulikuwa na kamati ya watu watatu. Badala ya kodi, michango ya hiari. Utumwa ulipigwa marufuku. Na kifungu kilichosomwa kwa makini kuliko vyote kilisema kila mlowezi anaweza kudai ekari 640, yaani maili moja ya mraba, mradi aweke alama za mipaka, aandikishe dai lake na aanze kuiendeleza. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kisheria ya kugawa hata ekari moja. Mkataba na wenyeji haukuwapo, na Washington haikuwa imetoa ruhusa. Serikali ya muda ilikuwa, kwa kusema kweli, chama cha watu walioahidiana kuheshimiana mipaka.

Msimu wa vuli wa mwaka huo huo ukaja mkondo uliobadili kila kitu. Watu 900 hivi walifika kwa mikokoteni ya maksai kutoka Missouri, safari ya kilomita zaidi ya 3,000 na miezi mitano au sita. Mwaka uliofuata walifika wapatao 1,500, na 1845 karibu 3,000. Walitoka wapi na kwa nini? Wengi walikuwa wakulima wadogo wa Missouri na majimbo jirani, walioumizwa na mdororo wa uchumi wa 1837, waliochoshwa na homa za bonde la Mississippi, na waliokuwa wakishindana sokoni na mabwana wenye watumwa. Mkulima anayelima kwa mikono ya wanawe hawezi kuuza kwa bei ya mtu asiyelipa mishahara. Waliuchukia utumwa kwa sababu hiyo. Wengi wao waliwachukia pia watu waliotumikishwa, na wakabeba chuki zote mbili katika mkokoteni mmoja kuvuka milima.

Machi 1844, pale kwenye maporomoko ya Willamette, ugomvi ulizuka kuhusu farasi baina ya mwenyeji aliyeitwa Cockstock na wakulima wawili weusi, Winslow Anderson na James Saules. Saules alikuwa baharia aliyenusurika wakati meli ya utafiti ya Marekani, Peacock, ilipovunjika mlangoni mwa mto Columbia mwaka 1841. Mapigano yaliwaua Cockstock na walowezi wawili weupe. Viongozi wa walowezi wakatoa hitimisho la ajabu: hatari ni kuwa na watu weusi wanaoweza kugombana na wenyeji, au kuungana nao. Miezi mitatu baadaye kamati ya kutunga sheria ilipitisha pendekezo la Peter Burnett, mwanasheria aliyekuwa amewasili kutoka Missouri. Sheria ilimpa mwanamume mweusi aliye huru miaka miwili kuondoka Oregon na mwanamke miaka mitatu. Atakayebaki achapwe viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39, na kurudiwa kila baada ya miezi sita hadi aondoke. Desemba hiyo viboko vilibadilishwa kuwa kazi ya kulazimishwa, na 1845 sheria ikafutwa kabla ya muda wake kufika. Hakuna aliyechapwa. Lakini habari ilikuwa imeenea kando ya njia nzima ya wahamiaji. Burnett alihamia California, na huko akawa gavana wake wa kwanza wa jimbo.

Miongoni mwa walioisikia habari hiyo ni George Bush, mkulima mweusi mwenye mali kutoka Missouri, aliyefika 1844 pamoja na mkewe Isabella, watoto wao na majirani weupe ambao baadhi yao safari yao ilitegemea fedha zake. Badala ya kwenda Willamette, kundi hilo liligeukia kaskazini ya Columbia, mahali ambapo mkono wa serikali ya muda haukufika, na 1845 wakaanzisha makazi karibu na ghuba ya Puget, panapoitwa leo Tumwater. Shamba la Bush lilistawi. Wakati wa njaa ya 1852 alikataa kuuza nafaka yake yote kwa wafanyabiashara waliokuja na bei nono. Aliigawa kwa majirani ili wale na wapate mbegu. Sheria ya Marekani ilipoanza kutoa hati za ardhi, yeye hakuruhusiwa kupata. Majirani wakaandika maombi, na mwaka 1855 Kongresi ikapitisha sheria maalumu ya kumpa ekari 640 alizokuwa akizilima. Mwanawe, William Owen Bush, aliketi katika bunge la kwanza la jimbo la Washington mwaka 1889. Oregon ilimpoteza mtu wa namna hiyo kwa hiari yake yenyewe.

Mpaka na Uingereza uliwekwa Juni 1846 kwenye latitudo ya 49, lakini Kongresi haikuharakisha kuipa Oregon serikali halali, kwa sababu wabunge wa kusini hawakutaka eneo jipya lisilo na utumwa. Kilichowasukuma ni damu. Mwaka 1847 surua iliyokuja na wahamiaji iliua sehemu kubwa ya Wakayuse walioishi karibu na misheni ya daktari Marcus Whitman na mkewe Narcissa huko Waiilatpu. Watoto wengi wa kizungu walipona na watoto wa Wakayuse wakafa, na katika mila yao mganga aliyeshindwa kuponya aliweza kulipa kwa uhai wake. Novemba 29 walimwua Whitman na mkewe, na wengine kumi na mmoja siku hiyo na siku zilizofuata. Joe Meek, ambaye binti yake mdogo alifia palepale kwa surua, alivuka bara zima wakati wa baridi kupeleka habari Washington. Agosti 14, 1848, Oregon ikawa eneo rasmi la Marekani. Wakayuse watano walinyongwa Oregon City Juni 1850 baada ya kesi fupi, na msimamizi wa kunyonga alikuwa Meek mwenyewe.

Walowezi walipopata mjumbe katika Kongresi, kazi yake ya kwanza ilijulikana. Samuel Thurston aliisukuma Sheria ya Utoaji wa Ardhi, iliyotiwa saini Septemba 27, 1850. Mwanamume aliyekwisha kukaa kabla ya Desemba mwaka huo alipewa ekari 320 bure. Mwenye mke, 640. Waliochelewa walipata nusu yake. Waliostahili walikuwa weupe na machotara wa Kimarekani wenye damu ya wenyeji. Weusi hawakuwamo. Kwa kifungu maalumu, Thurston pia alifanya McLoughlin anyang'anywe madai yake pale Oregon City, ardhi ikakabidhiwa eneo la Oregon kwa ajili ya chuo kikuu. Mzee huyo, aliyewakopesha chakula wahamiaji wenye njaa, alikuwa ameacha kazi ya kampuni na akawa raia wa Marekani. Alikufa 1857 bila kurudishiwa. Bunge lilirudisha sehemu ya mali kwa warithi wake 1862, na karne moja baada ya kifo chake likamtunuku cheo cha Baba wa Oregon.

Katika sheria hiyo hiyo kulikuwa na jambo lililotangulia wakati wake. Nusu ya ardhi ya wanandoa iliandikwa kwa jina la mke, na hilo katika nchi ambamo majimbo mengi bado yalimhesabu mwanamke aliyeolewa kuwa chini ya kivuli cha mumewe kwa kila mali. Wanawake wengi wa Oregon walipata shamba lao la kisheria kwa njia hiyo. Upande wa pili wa faida hiyo ni kwamba mke aligeuka kuwa ekari 320 za ziada, na wasichana wa miaka 14, hata chini ya hapo, waliozwa kwa haraka kwa wanaume waliokuwa wakikimbizana na tarehe.

Kongresi ilitoa ardhi hiyo kabla ya kuinunua. Mwaka 1851 makabila ya magharibi ya Oregon yalitia saini mikataba 19. Wakalapuya walikubali kuachia sehemu kubwa ya bonde lakini walikataa katakata kuhamishiwa mashariki ya milima ya Cascade, mbali na makaburi yao. Seneti haikuridhia hata mkataba mmoja. Wakati huo walowezi waliendelea kuzungusha uzio. Dhahabu ilipogunduliwa kusini, kwenye bonde la mto Rogue, walikuja watu wa namna nyingine, wachimbaji wasio na familia wala subira. Alfajiri ya Oktoba 8, 1855, kundi la wazungu wa kujitolea walivamia kambi ya wenyeji kwenye kijito cha Little Butte na kuua watu ambao wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Vita vikawaka hadi Juni 1856. Wapiganaji wa kujitolea waliwasilisha Washington madai ya mamilioni ya dola kwa siku zao na farasi wao, na haitakuwa kuwaonea kusema kwamba baadhi yao waliiona vita kama ajira.

Msimamizi wa masuala ya wenyeji, Joel Palmer, aliamua kuwahamisha wote. Februari 23, 1856, watu 325 waliondolewa Table Rock, katika bonde la mto Rogue, na kutembezwa kwa miguu kuelekea hifadhi ya Grand Ronde, kilomita zaidi ya 420. Safari ilichukua siku 33. Afisa aliyewaongoza aliandika shajara, na kwa hiyo hesabu yake inajulikana: wanane walikufa njiani na wanane walizaliwa. Palmer alifukuzwa kazi mwaka huo. Kosa lake machoni pa walowezi ni kwamba aliwahurumia mno wenyeji.

Wakati haya yakiendelea, siasa za ndani zilishikwa na kikundi cha Wademokrasia wa mji wa Salem kilichoongozwa na Asahel Bush, mhariri wa gazeti la Oregon Statesman. Huyu hana udugu wowote na George Bush. Magazeti ya enzi hiyo yalitukanana kwa ufundi uliopata jina lake lenyewe, mtindo wa Oregon. Kikundi hicho kilipoogopa wapinzani wanaokutana kwa siri, bunge likapitisha sheria kwamba kila mtu apige kura kwa kutamka jina la mgombea mbele ya wote. Mkenya aliyepanga foleni ya mlolongo mwaka 1988 ataelewa haraka faida ya utaratibu huo kwa wenye chama. Makao makuu yalihamishwa kutoka Salem kwenda Corvallis mwaka 1855, yakarudishwa Salem mwaka huo huo, na siku mbili kabla ya mwaka kwisha jengo la bunge likateketea.

Mara tatu, 1854, 1855 na 1856, wapiga kura walikataa kuwa jimbo. Sababu haikuwa ngumu: eneo lililipiwa na serikali ya Washington, jimbo lingejilipia kwa kodi. Kilichogeuza mawazo ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Dred Scott, Machi 1857, iliyosema Kongresi haina uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo. Jimbo pekee ndilo lingeweza kujiamulia. Wale waliotaka utumwa na wale walioukataa wakaona kwa pamoja kwamba wakati umefika.

Utumwa ulikuwapo Oregon licha ya kupigwa marufuku. Robin na Polly Holmes waliletwa kutoka Missouri mwaka 1844 na bwana wao Nathaniel Ford, aliyeahidi kuwaacha huru wakimsaidia kuanzisha shamba. Aliwaachia wazazi na mtoto mchanga mwaka 1850, akawazuia watoto wengine. Holmes hakujua kusoma, lakini alimshtaki Ford mahakamani 1852 akidai watoto wake, na mwaka uliofuata Jaji Mkuu George Williams akaamua kwamba ni huru. Baba huyo anastahili sanamu. Ila jaji huyo huyo, alipoandika barua ndefu kwenye gazeti Julai 1857 kuwashawishi watu wakatae utumwa, alijenga hoja yake juu ya hali ya hewa, mishahara na hasara ya mkulima mweupe. Utu wa mtumwa hakuutegemea.

Mkutano wa katiba ulikaa Salem kuanzia Agosti 17 hadi Septemba 18, 1857, wajumbe 60, wengi wakiwa wakulima na wanasheria. Walichukua mengi kutoka katiba ya Indiana ya 1851. Haki ya kura waliwanyima weusi, machotara na Wachina. Mchina atakayehamia baadaye asimiliki ardhi wala mgodi. Maswali mawili mazito waliyakwepa na kuyapeleka kwa wananchi kama kura za pekee. Novemba 9, 1857, wanaume weupe wa Oregon wakapiga kura tatu. Katiba ilikubaliwa na 7,195 dhidi ya 3,215. Utumwa ulikataliwa na 7,727 dhidi ya 2,645. Kisha swali la tatu, kama watu weusi walio huru waruhusiwe kuingia na kukaa: walioruhusu 1,081, waliokataa 8,640.

Tarakimu hizo zinafaa kusomwa polepole. Kifungu cha kuwafungia mlango watu weusi kilipata kura nyingi kuliko marufuku ya utumwa, na nyingi kuliko katiba yenyewe. Kuna wanaoziona kura hizo mbili kuwa zinapingana. Hazipingani. Mkulima aliyetoka Missouri alitaka Oregon isiwe na bwana mkubwa mwenye watumwa wala mtumwa aliyeachwa huru, ili ardhi ibaki ya watu kama yeye. Kifungu kilichopita kilimzuia mtu mweusi mgeni asikae, asimiliki ardhi, asifunge mkataba wala kushtaki mahakamani. Kwa sheria hiyo, Robin Holmes mwingine asingeweza hata kuwadai watoto wake.

Hawakusubiri kuruhusiwa. Juni 1858 walichagua viongozi wa jimbo ambalo halikuwapo bado, Julai gavana John Whiteaker akaapishwa, na bunge likachagua maseneta wawili, Joseph Lane na Delazon Smith. Katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, Warepublican wengi waliipinga Oregon, baadhi kwa sababu ya kifungu kile cha ubaguzi, wengine kwa sababu Kansas, yenye watu wengi zaidi, ilikuwa imeambiwa ingoje. Februari 12, 1859, muswada ulipita kwa kura 114 dhidi ya 103. Rais James Buchanan alitia saini siku mbili baadaye. Habari ilifika Portland kwa meli katikati ya Machi. Smith alikaa Seneti chini ya wiki tatu, muda wake ukaisha. Lane aligombea umakamu wa rais mwaka 1860 upande wa wenye watumwa, na akashindwa hata katika jimbo lake, ambalo Abraham Lincoln alilichukua kwa kura chache.

Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi 52,465, na kati yao weusi 128. Kifungu cha kuwazuia hakikutungiwa sheria ya utekelezaji, lakini kilifanya kazi kwa kujulikana. Oregon iliridhia marekebisho ya 14 ya katiba ya Marekani mwaka 1866, ikaondoa ridhaa yake 1868, ikairudisha 1973. Marekebisho ya 15, ya haki ya kura kwa watu wa rangi zote, yaliridhiwa 1959, jimbo lilipokuwa likisherehekea miaka mia. Kifungu chenyewe kilifutwa 1926, na mabaki ya maneno ya ubaguzi katika katiba yakaondolewa kwa kura ya 2002, ambapo wapiga kura zaidi ya 350,000 bado walisema hapana. Leo Portland ina wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, waliopewa makazi kama wakimbizi katika jimbo ambalo katiba yake ya mwanzo ingewafungia mlango.

Makabila yaliyopelekwa kwenye hifadhi za Grand Ronde na Siletz yalipunguziwa ardhi mara kadhaa, kisha mwaka 1954 Kongresi ikayafuta kisheria, kana kwamba hayapo. Watu wake walipigania kutambuliwa tena na wakashinda, Siletz mwaka 1977 na Grand Ronde mwaka 1983. Agosti 2019 kabila la Grand Ronde lilinunua eneo la kiwanda cha karatasi kilichofungwa, lenye ekari 23 hivi, kando ya maporomoko ya Willamette huko Oregon City, mahali ambapo wenyeji walivua samaki kabla ya McLoughlin, wamishonari na serikali ya muda kugombania kila hatua ya ukingo ule. Walilipa kwa fedha zao, wakaandikishiwa hati, na wakaanza kuyabomoa majengo ya kiwanda.